Kelele za Feni Katika Kompyuta Mpya: Uchunguzi Mdogo wa Kivukoni

Mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijashika sawasawa, bonde la Kilombero huwa na joto la namna yake. Ifakara na vijiji vya jirani viko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Upande mmoja imesimama milima ya Udzungwa, upande wa pili nyanda za juu za Mahenge, na hewa yenye unyevu hutuama katikati kama maji ndani ya bakuli. Katika majira hayo ndipo nilipokwenda likizo kwa dada yangu huko Kivukoni, pale ambapo barabara itokayo Ifakara kuelekea Mahenge hukutana na mto. Kwa miaka mingi sauti iliyotawala mahali hapo ilikuwa ya injini ya kivuko. Tangu Daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018 injini hiyo imenyamaza, nami nilitazamia usiku wa vyura na nyenje tu.

Nilikuta ngurumo nyingine, nayo ilikuwa ndani ya nyumba.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 22, alikuwa amenunua Dar es Salaam kompyuta ya mezani ya aina inayotengenezwa mahsusi kwa ajili ya michezo, kwa fedha za mpunga wa misimu miwili. Si anasa tupu. Jioni vijana wenzake humlipa ili wacheze kandanda ya kwenye kioo, na usiku yeye huunganisha picha za video za harusi anazopewa kutoka mjini Ifakara. Lakini kazi ilipoanza, feni za mashine hiyo zilivuma bila kukoma. Kuta za vyumba katika nyumba ile, kama ilivyo katika nyumba zetu nyingi, hazifiki kwenye bati. Kwa hiyo sauti hupanda, hugonga bati, na kushukia katika chumba cha pili. Humo hulala dada yangu, ambaye saa kumi alfajiri huwa amekwisha amka kwenda shambani.

"Kaka, umefika wakati mzuri," aliniambia hata kabla sijatua mzigo. "Mwambie mpwa wako auze hicho kinu chake cha kukoboa, kabla sijakitoa nje mwenyewe. Nimempa hadi Jumapili."

Kijana alinijia faragha na shauri lake. "Mjomba, feni ziko tano. Nikichomoa mbili, kelele si zitapungua karibu nusu?"

Swali hilo lina hesabu ndani yake, na jibu lake si lile ambalo wengi wangelitarajia. Lakini kabla ya kulijibu yafaa tufahamu feni hizo zinafanya kazi gani.

Umeme wote unaoingia katika kompyuta, uwe umezalishwa Kidatu au Kihansi, hatima yake ni joto. Kompyuta haiinui mzigo wala haisagi nafaka. Hufungua na kufunga maelfu ya mamilioni ya swichi ndogo mno, na kila tendo la swichi hizo huacha joto kidogo. Mashine ya mpwa wangu inapochora mchezo hutumia kiasi cha wati 400, yaani takriban sawa na balbu saba za zamani za wati 60 zilizowashwa ndani ya sanduku moja. Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka katika vipande viwili vya silikoni, kimoja cha kichakataji na kingine cha kadi ya michoro, ambavyo kila kimoja chaweza kufunikwa na kiganja cha mtoto.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mashine za enzi hizo zilijengewa vyumba vyenye viyoyozi. (Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, lakini hiyo ni habari ya kiuchumi ambayo mwingine ataisimulia vizuri zaidi.) Kompyuta ndogo ya IBM iliyotokea mwaka 1981 haikuhitaji feni juu ya kichakataji chake, ilikuwa na feni moja tu katika kisanduku cha umeme. Kadiri kasi ilivyoongezeka ndivyo joto lilivyoongezeka, na leo kadi moja ya michoro yenye nguvu sana yaweza kutumia wati 450 peke yake.

Joto hilo lazima litolewe na hewa. Tuseme tunakubali hewa itoke ikiwa na joto la nyuzi 10 za Sentigredi zaidi ya ilivyoingia. Kwa wati 400, hesabu ya fizikia inatuonyesha kwamba yatakiwa lita 35 hivi za hewa kila sekunde. Debe letu lina lita 20. Basi karibu madebe mawili ya hewa yapitishwe katika sanduku lile kila sekunde, mfululizo, kwa muda wote ambao vijana wanacheza.

Hapa ndipo mahali panapohusika. Nilipokuwa nikisomea udaktari Ujerumani, kompyuta yangu ilikaa chini ya meza katika chumba cha nyuzi 20, na sikumbuki kuisikia hata siku moja. Chumba cha mpwa wangu saa mbili usiku kilikuwa na nyuzi 33. Feni haiwezi kupoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayokipulizia. Kwa kazi ile ile na kasi ile ile ya feni, silikoni hukaa juu ya joto la chumba kwa tofauti ile ile. Kichakataji ambacho Ulaya kingekuwa na nyuzi 80, Kivukoni kitakuwa na 93. Vichakataji vingi hujipunguzia kasi vyenyewe vikifika nyuzi 95 au 100 ili visiungue, na kabla ya kufika huko huamuru feni zikimbie kwa nguvu zote. Walioiunda mashine hiyo hawakufanya kosa. Hawakuifikiria Ifakara tu.

Sasa turudi kwenye swali la kijana. Sikio halihesabu sauti kama tuhesabuvyo magunia. Kipimo cha sauti, yaani desibeli, huongezeka kwa 3 tu pale chanzo kimoja kinapokuwa viwili vinavyolingana, na yahitajika nyongeza ya desibeli 10 hivi ili binadamu aone kuwa sauti imekuwa kubwa maradufu. Kuondoa feni mbili kati ya tano kunapunguza desibeli 2 na kitu, kiasi ambacho dada yangu asingekitambua akiwa usingizini. Na hasara yake ni kubwa, kwa sababu feni tatu zilizobaki zingepaswa kupitisha madebe yale yale.

Dawa imo katika mwendo, siyo katika idadi. Wahandisi wana kanuni za feni ambazo kila mwenye kinu, kiyoyozi au pampu angefaa azijue. Ukipunguza mwendo wa feni ukawa nusu, hewa inayopita nayo huwa nusu. Lakini umeme inaoutumia hushuka hadi sehemu moja ya nane, na kelele hupungua kwa takriban desibeli 15. Maana yake ni kwamba feni nyingi zinazokwenda polepole ni tulivu kuliko chache zinazokimbia. Kwa sababu hiyo hiyo feni pana hushinda feni nyembamba. Feni ya milimita 140 huweza kupitisha hewa sawa na ile ya milimita 92 ikiwa na chini ya theluthi ya mizunguko yake. Pangaboi la darini laonyesha jambo hilo hilo: huzunguka kivivu, na bado huburudisha sebule nzima.

Kijana alikuwa ametaka kupunguza feni, nami nikamwambia tuongeze moja ikibidi. Alinitazama kwa adabu, kama mtu anayesikitikia elimu ya mjombake.

Kabla ya kununua chochote tulichunguza. Tuliwasha dawa ya mbu ile ya kuwasha, tukaisogeza mbele ya kila feni, tukafuata moshi. Feni tatu za mbele zilivuta hewa ndani, kama itakiwavyo. Ile ya nyuma, ambayo kazi yake ni kutoa, nayo ilikuwa ikivuta ndani! Fundi aliyeiunganisha, katika duka ambalo sitalitaja, alikuwa ameifunga kinyume. Msomaji mwenye kompyuta ya namna hii aweza kukagua hata ikiwa imezimwa: kwa kawaida hewa hutoka upande ule wenye vijiti vinavyoshikilia mota.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Feni za kisasa za kompyuta hutumia umeme wa volti 12 na aghalabu zina nyaya nne: mbili za umeme, ya tatu ya kuiarifu mashine kasi ya feni, na ya nne ya kupokea amri ya kukimbia au kupunguza mwendo. Feni zetu za kasha zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme, bila kupitia bodi kuu. Hazikuwa zikipokea amri yoyote. Zilikimbia mizunguko 2,400 kwa dakika tangu mashine inapowashwa hadi inapozimwa, hata pale kijana anapoandika barua. Feni yenye mapanga saba kwa mwendo huo hukata hewa mara 280 kila sekunde, na mvumo ule wa kinu alioulalamikia dada yangu ndio huo.

Tukaigeuza feni ya nyuma, tukahamishia nyaya kwenye bodi kuu, kisha katika programu ya mashine tukachora upya mwenendo wa feni: ziende polepole hadi nyuzi 65, zipande taratibu hadi 85, na zichelewe sekunde kadhaa kabla ya kubadili mwendo. Kuchelewa huko ni kwa ajili ya sikio. Mvumo unaopanda na kushuka kila mara humuudhi aliyelala kuliko mvumo mmoja wa kudumu, ingawa kipimo chaweza kuonyesha kuwa vyote viwili ni sawa.

Baada ya hapo tukashughulika na joto lenyewe. Kadi ya michoro ilikuwa ikichora picha zaidi ya 200 kila sekunde, ilhali kioo cha kijana huonyesha 60 tu. Zilizobaki zilichorwa, zikatoa joto, zikatupwa bila kuonwa na mtu. Tuliiwekea kikomo cha 60, na umeme iliotumia ukashuka sana papo hapo. Kwa maoni yangu hili ni la kwanza kufanywa na kila mwenye mashine ya michezo katika nchi ya joto, kwani halina gharama. Lakini vijana hulipinga kwa sababu tarakimu kubwa pembeni ya kioo huwapa fahari.

Yaliyobaki yalikuwa ya kienyeji. Miguu ya kasha tuliikatia vipande vya soli ya kandambili ili mtetemo usihamie mezani, maana ubao wa meza huvumisha sauti kama ngozi ya ngoma. Tuliitoa mashine pembeni, palipokutana kuta mbili, tukaiweka mbali na ukuta kwa urefu wa mkono. Kwenye vitundu vya mbele tulikuta vumbi la pumba limekwisha ganda, ingawa mashine haikuwa na miezi mitatu. Jirani ana mashine ya kukoboa mpunga. Pamoja na vumbi hilo walikuwamo mbu waliokauka. Jambo hilo lilinichekesha, kwani mtego wa taa ambao watafiti wa mbu, pamoja na wale wa Taasisi ya Afya Ifakara, huutumia kunasia mbu majumbani, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: feni ndogo chini ya balbu huwavuta na kuwatumbukiza katika mfuko. Mpwa wangu alikuwa amejenga mtego wa namna hiyo kwa gharama kubwa mno. Mvua za kwanza zinaposhuka huja kumbikumbi, ambao mbawa zao huziba chujio kwa usiku mmoja. Siku hizo ni heri taa ya chumbani izimwe.

Kusafisha kuna hadhari zake. Mashine ichomolewe umeme kwanza. Panga la feni lishikwe kwa kidole wakati wa kupuliza, lisizunguke ovyo na kuharibu beringi. Brashi laini yatosha. Upepo wa kujazia matairi mara nyingi hutoka na matone ya maji. Na kisanduku cha umeme kisifunguliwe kabisa na asiye fundi, kwa kuwa ndani yake mna kapasita zinazohifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Kimya kamili hakikupatikana, wala sikukiahidi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba sauti ya mfululizo chumbani usiku isizidi desibeli 30, na katika chumba cha nyuzi 33 mashine ya wati 400 haifiki huko kwa feni peke yake. Kwa hiyo tulikubaliana juu ya saa. Kazi nzito ya kukamilisha video za harusi sasa huanza asubuhi, dada akiwa shambani. Usiku ni kukata na kupanga picha tu, kazi isiyoichosha mashine. Jumapili ilipofika dada yangu hakuitoa nje.

Ila feni zilipopoa, sauti nyingine ilijitokeza ambayo awali ilikuwa imefunikwa: mlio mwembamba sana, kama wa mbu wa mbali, kutoka katika kadi ya michoro. Hizo si feni, ni koili za shaba zinazotetemeka umeme unapopita na kukatika maelfu ya mara kwa sekunde. Mpwa wangu huusikia akiwa mlangoni. Mimi huusikia nikiinama juu ya kasha. Dada yangu anasema tunausingizia.