Fahamu: Programu ipi ya picha inafaa kishikwambi?

Kuhariri picha na kuzipanga ni kazi mbili tofauti, na programu nyingi huimudu moja tu.

Snapseed ya Google ni ya bure na inahariri vizuri, lakini kupanga maelfu ya picha si kazi yake. Google Photos ndiyo hodari wa kupanga na kutafuta. Ila tangu Juni 1, 2021 uhifadhi wa bure usio na kikomo ulikwisha. Zimebaki GB 15, tena zinachangiwa na barua pepe za Gmail. Na kupakia picha kunakula bando!

Lightroom ya Adobe hufanya yote mawili bila kuharibu picha asilia, lakini zana zake kadhaa ni za kulipia.

Mwenye bando dogo achukue Snapseed na kadi ya kumbukumbu. Mwenye iPad ajue haina tundu la kadi.