Mwigizaji Ambaye Hatumsomi

Kila aliyepitia somo la sanaa za maonyesho amekariri vitu vinne. Ili onyesho liwe onyesho, lazima pawepo dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Ndivyo walivyotufundisha Penina Muhando na Ndyanao Balisidya tangu kitabu chao cha mwaka 1976, na ukivitaja vyote vinne kwenye mtihani, maksi zako unazo. Baada ya hapo inakuja mifano: Kinjeketile, Ngoswe, Kilio Chetu. Mifano mizuri, sina ugomvi nayo. Lakini tusidanganyane, wengi wetu tumeisoma kwenye karatasi tu, hatujaiona ikichezwa hata siku moja.

Wakati huohuo nchi hii imekuwa na maonyesho ambayo watu walilipa kiingilio kuyaona, wikiendi kwa wikiendi, tena wakajaza ukumbi. Mmoja wa nyota wake wakubwa ni Khadija Kopa, Malkia wa Mipasho. Kwa vijana wa chuo siku hizi, huyo ni "mama yake Zuchu", basi. Mimi nasema ni mwigizaji wa jukwaa la muziki, na tukimpima kwa vile vitu vinne anafaulu vyote.

Tuanze na safari yake. Kopa ametokea Zanzibar, na jina lake lilianza kusikika akiwa na Culture Musical Club, kikundi cha taarab ya asili: fidla, kanuni, udi, mwimbaji ametulia na watazamaji wametulia. Mwaka 1992 nchi iliporudi kwenye mfumo wa vyama vingi, kikazaliwa kikundi cha Tanzania One Theatre, yaani TOT, chini ya CCM na kikiongozwa na Kapteni John Komba. Kopa akavuka bahari kujiunga nacho.

TOT haikuwa bendi, na jina lenyewe linasema. Onyesho lake, kama la wapinzani wao Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, lilikuwa la saa kadhaa na lenye kila kitu ndani: ngoma za makabila, sarakasi, vichekesho, igizo, kwaya, halafu taarab. Hata ngoma ya nyoka ya Wasukuma, hii ya kwetu huku Kanda ya Ziwa, ilikuwa miongoni mwa vivutio vya vikundi vya namna hii. Taarab iliwekwa mwishoni kwa sababu ndiyo iliyowafanya watu wasiondoke.

Sasa twende kwenye vipengele. Dhana inayotendeka kwenye mipasho ni ugomvi: mke na hawara, jirani na jirani, aliyependwa na aliyeachwa. Mpasho hautaji jina la mtu. Unarushwa hewani, na mwenye lake analidaka mwenyewe. Ukiangalia vizuri, huo ni mgogoro uleule tunaowaambia wanafunzi waubainishe kwenye tamthiliya.

Mtendaji ni Kopa. Akishika kipaza sauti anavaa uhusika: mara ni mke anayejiamini, mara ni yule aliyesengenywa mtaa mzima na leo amekuja kujibu. Anaimba kwa bega, kwa jicho, kwa mkono kiunoni. Neno lilelome akilitamka na jicho la pembeni linakuwa tusi, akilitamka na tabasamu linakuwa utani. Hicho ndicho tunachokiita utendaji, na huwezi kukipata kwa kusoma maneno ya wimbo peke yake.

Uwanja na watazamaji ndipo penye utamu zaidi, kwa sababu kwenye taarab vinachanganyika. Anayetunza haendi mbele kwa bahati mbaya. Anasubiri ubeti wake. Ukifika anainuka, noti juu, anacheza taratibu kupita katikati ya meza, na ikiwezekana anapita karibu na yule anayemkusudia. Akiweka hela kwa mwimbaji, ukumbi mzima umeshaelewa. Kwa dakika hiyo mtazamaji amekuwa mhusika. Mtu aliyehudhuria sendofu hapa Mwanza, wimbo wa mpasho ukapigwa na mashangazi wakainuka, ameshaiona kanuni hii ikifanya kazi.

Halafu kuna ushindani. TOT ilikuwa na Kopa, Muungano ikawa na Nasma Khamis, yule Kidogo. Nyimbo zikajibizana, mashabiki wakagawanyika kama Simba na Yanga. Kopa mwenyewe alipata kuhamia Muungano kisha akarudi TOT, na alikokwenda watu walimfuata. Kwa Msukuma hili si jambo geni hata kidogo. Nenda Bujora, pale Kisesa barabara ya Musoma, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement, utaelezwa habari za Bagika na Bagalu. Hizo ni jamii mbili za wachezaji ngoma zinazopambana siku moja, uwanja mmoja. Hakuna jaji mwenye kalamu. Kundi lililovuta watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. TOT na Muungano walipambana kwa sheria hiyohiyo, tofauti ni kwamba wao walikuwa na spika na keyboard.

Hapa ulinganisho na Uingereza unasaidia. Julie Andrews, mwigizaji wa michezo ya muziki, alijipatia jina kwa kucheza nafasi ya Eliza kwenye My Fair Lady, kuanzia New York mwaka 1956, kisha London mwaka 1958. Mchezo ulipofanywa filamu mwaka 1964, nafasi akapewa Audrey Hepburn, ambaye ilibidi sehemu kubwa ya nyimbo zake aimbiwe na mtu mwingine. Julie hakuwa na la kufanya. Kule uhusika ni mali ya mchezo, umeandikwa, na mwenye mchezo anaweza kumpa amtakaye. Kwa Kopa ilikuwa kinyume. Uhusika ulikuwa yeye. Huwezi kumwondoa Kopa ukabaki na onyesho la Kopa, na ndiyo maana vikundi viligombana kumpata. Baadaye akawa na kundi lake mwenyewe, Ogopa Kopa.

Lakini nguvu hiyo ina upande wa pili. Mchezo wa Julie Andrews upo kwenye maandishi. Mwaka 1997 alifanyiwa upasuaji wa koo ulioharibu sauti yake ya kuimba, lakini Eliza bado anachezwa na wengine hadi leo. Kwetu kilichobaki ni nyimbo zilizorekodiwa. Ule mpangilio wa jioni nzima, igizo lililotangulia, vichekesho vya katikati, nani aliinuka kwenye ubeti gani, vimo kwenye vichwa vya watu, na watu hao umri unakwenda. Kapteni Komba alifariki mwaka 2015. Kila mwaka tunaochelewa kuuliza, kuna jambo linapotea.

Kuna wanaosema mipasho ni umbea na ilitumika kwenye siasa. Kweli, TOT ilikuwa ya chama na iliimba kampeni. Aliyefika viwanja vya Furahisha wakati wa kampeni anajua utaratibu: wasanii kwanza, mgombea baadaye. Lakini tamthiliya gani tunayofundisha haina siasa? Kinjeketile ni siasa mwanzo mwisho. Na kuhusu umbea, mpasho ulimpa mwanamke jukwaa la kusema hadharani alichotakiwa kukimeza. Kopa aliifanya kazi hiyo kwa miaka, akalea kwayo, na mwaka 2020 akasimama na binti yake Zuchu kwenye Mauzauza. Binti wa kidato cha pili anayesikia nyumbani kwamba jukwaa ni uhuni anahitaji kuuona mfano huo darasani.

Sisi wa ualimu ndio tutakaosimama mbele ya darasa hilo, Nyamagana, Ilemela, Sengerema au Ukerewe. Mtaala hautukatazi kuongeza mfano. Siku ukifundisha vile vitu vinne, wape wanafunzi kazi ya nyumbani: waende kwa mama, shangazi au bibi wakamuulize alishawahi kuona TOT au Muungano, kilianza nini, kikafuata nini, na yeye alimtunza nani, kwenye ubeti upi. Majibu wayaandike kwenye daftari. Hapo watakuwa wamejifunza sanaa za maonyesho, na sisi tutakuwa tumeanza kupata kumbukumbu ambazo mpaka sasa hazina rafu kwenye maktaba zetu.