Injini ya Pikipiki Ndani ya Mini: Hesabu Itangulie Spana

Mini aliyoibuni Alec Issigonis ilipotoka mwaka 1959 ilikuwa na urefu wa mita 3.05 tu, na bado watu wazima wanne walienea ndani. Siri ilikuwa chini ya boneti. Issigonis aliikingamisha injini, kisha giaboksi na difu akazishusha chini yake, ndani ya bakuli la oili, vyote vitatu vikitumia oili ileile. Ustadi huo ndio unaomtia taabuni mwenye Mini wa Nairobi anayetaka kuitoa injini iliyochakaa na kuweka ya pikipiki. Ukiinua injini ya Mini umeinua pia giaboksi, difu na gia ya kurudi nyuma. Zinabaki shafti mbili zisizo na kitu cha kuzizungusha.

Hamu yenyewe naielewa, tena naipenda. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo Mini kuukuu zilizoegeshwa nyuani Lavington, Kileleshwa au Karen ndizo karibu zote tutakazokuwa nazo. Inayouzwa kwa kilo kama chuma chakavu haina ya kuifidia. Na injini zake zimepitia mengi. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini kufikia mwanzo wa 2006, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikivikinga viti vya valvu za eksozi. Bila kinga hiyo, valvu huzama polepole ndani ya kichwa cha silinda hadi gari likose pumzi. Tiba ipo: fundi wa kerezo huchonga kichwa na kukitia viti vya chuma kigumu. Kwa sababu hiyo, mwenye injini ambayo bloku yake haijapasuka namshauri aifufue hiyohiyo. Injini ya pikipiki iwe ya gari ambalo moyo wake umekwisha kabisa, au lililonunuliwa tupu.

Hata hapo, bodi kwanza. Mini haina chesisi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa ya gari, na injini yenye nguvu ndani ya mifupa iliyooza ni hatari kwa anayeendesha na kwa anayevuka barabara. Hewa ya Nairobi haina chumvi kama ya Mombasa, lakini tope jekundu hujikusanya ndani ya kingo zilizo chini ya milango na ndani ya fremu ndogo inayobeba magurudumu ya nyuma, likashika unyevu mwaka mzima. Chukua sumaku uipitishe kwenye kingo hizo. Isiponasa, hapo pana pati iliyopakwa rangi, chuma kimekwenda. Toa zulia na uchokoe sakafu kwa bisibisi. Kabla fundi hajakata kingo, afunge vyuma vya kushikilia matundu ya milango, kisha akate na kuchomelea upande mmoja baada ya mwingine. Akikata pande zote mbili kwa pamoja, bodi itabonyea katikati na milango haitafunga tena sawasawa.

Springi za Mini nyingi ni koni za mpira, kazi ya mhandisi Alex Moulton. Mpira huzeeka, ukasinyaa, na gari likashuka. Kwa matuta yetu, Mini iliyoshuka hukwaruza tumbo kila hatua. Koni mpya huirudisha kwenye kimo chake bila ufundi mwingine wowote.

Sasa injini. Wengi huanza kwa kuuliza ina nguvu farasi ngapi. Mimi huanza na mlima, kwa sababu Nairobi ya magharibi ni mlima. Katikati ya jiji ni kama mita 1,660 juu ya usawa wa bahari. Ukifuata Waiyaki Way kupitia Kangemi na Uthiru hadi Kikuyu, umefika takriban mita 2,000. Gari lina kilo 600 hivi, na likibeba watu wawili tuseme kilo 740. Kulipandisha mteremko wa asilimia 8 kwa kilomita 50 kwa saa kunahitaji karibu nguvu farasi 14 zilizokwisha kufika kwenye magurudumu. Na hewa yetu ni nyepesi: katika kimo hiki injini isiyo na tabo hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi zake. Ile injini ya kwanza ya Mini, ya sentimita za ujazo 848, ilipimwa nguvu farasi 34. Hapa Nairobi inatoa kama 28, na inatosha.

Injini ya Boxer, pikipiki ya boda boda, ya ujazo wa 150 hivi, ina nguvu farasi 12. Toa za mwinuko, zinabaki kumi, na nyingine zinaliwa na cheni na beringi kabla hazijafika barabarani. Uimara wa injini hiyo sina shaka nao, inabeba uchumi wa vijana wengi wa jiji hili, lakini Mini itaipeleka gia ya kwanza kuanzia Kangemi. Upande wa pili wapo wanaoota Yamaha R1 ya 1998: ujazo wa 998, nguvu farasi 150. Nguvu hizo zinapatikana kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika. Injini ya Mini hufikia kilele cha msokoto wake, nyutonimita 60 hivi, kwenye mizunguko 2,900 tu, ndiyo maana inasukuma gari taratibu kwenye msongamano bila kulalamika. Injini ya mbio itataka kupigwa mafuta na kuteleza klachi kila gari la mbele linaposogea mita mbili.

Katikati ya hizo mbili ndipo penye akili. Injini pacha ya Honda CB500 ya kuanzia 2013, yenye ujazo wa 471, inatoa nguvu farasi 47 na nyutonimita 43. Kwa hewa ya Nairobi inabaki na karibu 39, zaidi ya ilizokuwa nazo Mini ikiwa mpya kwenye usawa wa bahari. Aidha inatumia injeksheni, na kompyuta yake hupima shinikizo la hewa ikajirekebishia mafuta. Ya kabureta ingehitaji jeti ndogo zaidi ili isivute petroli nyingi na kuchafua plagi.

Wazo la kutumia injini ya pikipiki kwenye gari dogo ni la zamani. BMW waliiuza Isetta kuanzia 1955 ikiwa na injini yao ya pikipiki, na Honda N360 ya 1967 ilikuwa na injini iliyotokana na ya pikipiki CB450. Ila viwanda hivyo vilisanifu njia nzima ya nguvu, kutoka injini hadi gurudumu, na hapo ndipo miradi mingi ya gereji hukwama. Giaboksi ya pikipiki imo ndani ya injini yake na mwisho wake ni spoketi ya cheni. Haina difu, haina gia ya kurudi nyuma. Gari lisilo na difu haligeuki kona vizuri, kwa sababu gurudumu la nje lapaswa kwenda mbali kuliko la ndani. Basi itatafutwa difu yenye spoketi, ifungwe kwenye fremu pamoja na injini, na shafti za Mini zichongwe upya ziingie humo. Kurudi nyuma kunafanywa ama kwa kisanduku kidogo cha gia, ama kwa mota ya umeme.

Anayetaka kuona jambo hilo limekwisha kutatuliwa atazame tuktuk ya Bajaj. Injini yake inafanana na ya pikipiki, ila kiwanda kimeipa difu na gia ya kurudi nyuma, vyote kwenye kifurushi kimoja. Nguvu yake ni ndogo mno kwa Mini, lakini kuifungua na kuona gia zilivyopangwa ni somo zuri kwa fundi. Mwenye Fiat 500 ya kale ana nafuu nyingine: injini yake iko nyuma na inafungwa kwenye giaboksi inayojitegemea, kwa hiyo injini ya pikipiki za BMW zenye silinda zilizotazamana, ambayo nayo imetengana na giaboksi yake, inaweza kuunganishwa kwa bamba la chuma lililochongwa vizuri.

Magurudumu madogo ya Mini yanasaidia hesabu. Tairi la inchi 10 husafiri kama mita 1.5 kwa mzunguko mmoja, la nyuma la CB500 karibu mita 2. Hivyo gia zimekwisha kushushwa kwa robo kabla hujabadili chochote. Kwa kuwa mzigo umeongezeka karibu mara tatu, weka spoketi kubwa kwenye difu na ushushe tena. Mwendo wa juu utapungua. Mjini ukomo wa kisheria ni kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo hupotezi kitu.

Kuna jambo moja ambalo limeua injini nyingi za namna hii. Pikipiki hulala kwenye kona, na oili inabaki chini ya pampu. Gari halilali. Kwenye mzunguko mrefu wa barabara oili hukimbilia upande mmoja kama maji kwenye sinia lililoinama, pampu ikanyonya hewa, na beringi zikakauka kwa sekunde chache. Bakuli la oili lazima litiwe kuta za bati za kuizuia. Na oili iwe ya pikipiki, kwa sababu klachi inaogelea humohumo. Oili nyingi za magari zina viungo vya kulainisha vinavyoifanya iteleze. Redieta nayo ipate feni ya umeme inayotosha kwa gari lililosimama, na feni za namna hiyo kutoka kwa magari madogo ya Kijapani hazikosekani Kirinyaga Road, ambayo watu bado wanaiita Grogan. Hapohapo utapata beringi, sili, mipira ya maji na boliti. Kagua pia umeme: Mini za miaka ya 1960 zilifungwa ardhi kwenye upande chanya wa betri, na kompyuta ya pikipiki itaungua ikiunganishwa hivyo.

Breki za Mini za mwanzo ni za ngoma kwa magurudumu yote manne. Hazifai kwa nguvu farasi 47. Diski za mbele ziliwekwa kwenye kila Mini kuanzia 1984, pamoja na magurudumu ya inchi 12, kwa hiyo ukizitumia piga hesabu ya spoketi upya.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: usikate bodi. Injini ya Mini imebebwa na fremu ndogo ya mbele inayofunguliwa kwa boliti. Tengeneza fremu ya pili kwa vipimo vya ile ya kwanza, jenga juu yake injini, difu na vishikio vyote, kisha uifunge kwenye matundu yaleyale. Mwenye gari baada yako huenda akataka kulirudishia asili yake na kulipeleka kwenye maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance, yanayofanyika Ngong Racecourse. Injini ya zamani itiwe oili kwenye silinda, ifungwe, itunzwe pamoja na fremu yake.

Namba ya injini imeandikwa kwenye hati ya umiliki, kwa hiyo mabadiliko haya yapitie NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, na gari likaguliwe, na kampuni ya bima ijulishwe kabla gari halijatoka getini. Nunua injini yenye stakabadhi. Kama imetoka kwenye pikipiki iliyosajiliwa Kenya, namba hiyo ingali kwenye hati ya pikipiki, na ni vyema usajili huo ufutwe kabla hujalipa shilingi ya mwisho.