Soga za Wazee: Lugha ya Ushirika wa Kila Siku katika Thika na Ruiru

1. Utangulizi

Neno soga, pamoja na wenziwe porojo, gumzo na michapo, halijapata heshima kubwa katika taaluma ya lugha. Kwa desturi hufasiriwa kuwa ni mazungumzo ya kupitisha wakati. Mtafiti afikapo mahali na kinasa-sauti chake hungoja soga zimalizike ndipo aanze kazi yake, yaani kukusanya hadithi, methali, nyimbo au istilahi za ufundi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba soga zina kazi mahsusi, na kwamba kazi hiyo imejengwa ndani ya sarufi yenyewe.

Tutajihusisha na soga za aina moja tu: zile ambazo marafiki waliokwisha kustaafu, wakaao Thika na Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, hupelekeana kila siku kwa simu, hasa katika vikundi vya WhatsApp. Tutatazama mambo matatu, nayo ni salamu, viambishi vya udogo, na ukanushi wenye kiambishi -ja-. Mifano itakayotolewa imetungwa kwa kufuata usemi wa kawaida wa huko. Hatukunukuu mazungumzo ya mtu ye yote, kwa kuwa soga ni mali ya wenyewe.

2. Mazingira ya soga hizi

Thika ilikua kwa reli, mkonge, kahawa, mananasi na viwanda; Ruiru ilikua kwa mashamba ya kahawa, na jina lake limo katika aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Wafanyakazi wa viwanda na mashamba hayo hawakuwa Wakikuyu peke yao. Walikuwamo pia Wakamba, Waluo, Waluhya, Wameru na wengineo. Ndiyo sababu lugha ya mtu mzee wa hapa hufuata urafiki wake: na waumini wa kanisa lake la mtaani huenda akasema Kikuyu, lakini na wale aliofanya nao kazi kiwandani miaka thelathini husema Kiswahili.

Katika muda wa miaka michache mazingira ya wazee hawa yamebadilika sana. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012. Mashamba mengi ya kahawa yakakatwa viwanja, na nyumba za kupangisha zikapanda juu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 katika mji wa Ruiru na zaidi ya 250,000 katika mji wa Thika. Mzee aliyekuwa akimjua kila mpita njia sasa amezungukwa na majirani asiowajua kwa jina, na marafiki zake wa zamani wametawanyika, huyu kwa mwanawe Juja, yule shambani Gatanga. Umbali wa kilomita ishirini hivi kati ya Ruiru na Thika ni mdogo kwa kijana. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, ni safari.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Kuanzia tarehe 6 Aprili hadi mapema Julai ilikatazwa kuingia na kutoka katika eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake, na mpaka wa upande wa kaskazini ukawekwa katika daraja la mto Chania, pale pale Thika. Marafiki waliotenganishwa na mto huo hawakuweza kutembeleana. Hata ibada ziliporuhusiwa tena mwezi Julai, watu waliopita umri wa miaka 58 walitakiwa wabaki nyumbani. Kwa wazee wengi baraza ya kanisani baada ya misa au ibada ndiyo iliyokuwa mahali pao pa soga kila juma. Ilipofungwa, soga zilihamia katika simu, na amri zilipoondolewa hazikurudi zote zilikotoka.

3. Salamu kama hesabu ya waliopo

Mwanaanthropolojia Malinowski alieleza mwaka 1923 kwamba yako maneno yasemwayo kwa ajili ya kufunga kamba ya ushirika kati ya wasemaji, wala hayakusudii kupeleka habari. Jakobson naye, mwaka 1960, aliihesabu kazi hiyo kuwa miongoni mwa kazi sita za lugha: kuhakikisha kwamba njia ya mawasiliano ingali wazi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa sana juu ya jambo hili. Mfululizo wetu wa hujambo, habari, za nyumbani, za tangu juzi, ni ushahidi tosha, na majibu yake huwa mema hata pale mambo yasipokuwa mema.

Hata hivyo soga za wazee wa Thika na Ruiru zinatulazimu kuongeza jambo katika nadharia hiyo. Tutazame mfano wa kawaida wa asubuhi:

(1) A: Mumeamkaje, wapendwa?
B: Tumeamka salama. Huku Ruiru kamvua kamenyesha usiku.
C: Kwetu Thika hakuna. Kajua kameshatoka. Wacha ninywe kachai, nakuja.
D: Nimeamka, Mungu ni mwema. Mguu ni ule ule.

Kwa mtu wa nje hakuna habari katika maneno haya. Lakini kati ya watu wa umri wa miaka sabini na zaidi, wengine wakikaa peke yao, kitenzi nimeamka ni habari nzito kuliko zote. Salamu hapa ni hesabu ya waliopo. Kila anayejibu amejihesabu, na wote waliojibu wamejua kwamba idadi yao haijapungua usiku huo. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba salamu hizi hazina maana ya msingi. Maana ya msingi ya kuamka imerudi katika kitenzi ambacho sisi wengine hukitamka bila kukifikiri.

Hapana budi pia kukumbuka kwamba kizazi hiki hakikujifunza kusalimiana kwa mbali leo. Walipokuwa vijana, katika miaka ya 1970 na 1980, Sauti ya Kenya ilikuwa na vipindi vya kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika jina lake na mahali alipo, kisha orodha ya awasalimuo, na mtangazaji akaisoma hewani. Furaha ya kadi ile haikuwa katika ujumbe, kwa maana ujumbe haukuwamo. Furaha ilikuwa kusikia jina lako likitajwa pamoja na majina ya wenzako. Salamu za kikundi cha simu zimerithi umbo hilo karibu lote: jina, mahali, orodha. Ndiyo sababu B na C katika mfano (1) hawakosi kutaja Ruiru na Thika, ijapokuwa kila mmoja anajua mwenzake anakaa wapi.

Tofauti kubwa imeletwa na ujumbe wa sauti, ambao WhatsApp iliuanzisha mwaka 2013. Wazee ambao macho yao hayaoni tena herufi ndogo, au ambao hawakuzoea kuandika, hubonyeza na kusema. Pamoja na maneno huja mlio wa kikombe, jogoo, kikohozi. Wasikilizaji wake hupima sauti kabla ya kupima maneno. Anayesema ni mzima kwa sauti iliyokauka huulizwa upesi kama amekunywa dawa.

4. Viambishi vya udogo na anasa ndogo

Katika mfano (1) yametokea maneno kamvua, kajua na kachai. Katika Kiswahili sanifu kazi ya kuonyesha udogo hufanywa na ngeli ya ki-/vi-: kitoto, kijiti, kijumba. Ngeli za Kibantu zinazohesabiwa kuwa za 12 na 13, yaani ka-/tu-, hazimo katika usanifu wetu, lakini zi hai katika Kikuyu, na kutoka huko na katika lugha jirani zimeingia katika Kiswahili cha Kenya ya kati pamoja na upatanisho wake kamili: kamvua kamenyesha, tuchapati tuwili, kakitu kadogo. Inafaa kuangalia kwamba kiambishi kimeazimwa bila kanuni yake ya sauti. Katika Kikuyu, kwa mujibu wa sheria ya Dahl, k ya kiambishi hugeuka kuwa g ikifuatwa na silabi yenye konsonanti isiyo na ghuna. Hivyo itimũ, yaani mkuki, huwa gatimũ. Msemaji huyo huyo, asemapo Kiswahili, husema kachai na katoto, wala k haigeuki.

Linalotuhusu zaidi ni maana. Kachai si chai kidogo. Huenda kikawa kikombe kikubwa kilichojaa, na andazi juu yake. Kamvua yaweza kuwa mvua ya usiku kucha. Udogo huu hauhusu kipimo cha kitu, unahusu namna msemaji anavyokishika: anakishusha ili kiweze kushirikiwa. Ki- ya usanifu aghalabu huelekea upande wa dharau, kama katika kijitu au kizee. Ka- nayo yaweza kudharau, na hapo ndipo penye kanuni ambayo wasemaji huifuata bila kufundishwa:

(2) a. Karibu tunywe kachai kangu.
b. Nimepata kanduma kazuri sokoni.
c. Naona umejenga kanyumba kako.

Sentensi (2a) na (2b) ni za upendo. (2c) yaweza kuvunja urafiki. Mtu hudogosha kilicho chake, au kilicho cha wote kama mvua na jua. Akidogosha cha mwenzake amemtweza, isipokuwa kati ya marafiki wa chanda na pete ambao utani umewaruhusu.

Kanuni hii ina sababu yake katika maisha. Vikundi hivi huchanganya watu wasio sawa kwa mapato. Yumo mwalimu mstaafu mwenye pensheni, yumo mwenye nyumba za kupangisha, na yumo aliyechuma kahawa ya wengine maisha yake yote, ambaye sasa hutegemea watoto na fedha za mpango wa Inua Jamii, uliowaingiza watu wa miaka 70 na zaidi mwaka 2018 kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akisema amekula nyama choma, amejitenga. Akisema amepata kanyama, yule wa kahawa naye aweza kueleza kanduma kake bila haya. Anasa zote zimevuliwa viatu mlangoni. Hivyo soga huwa uwanja mmojawapo ambapo watu hawa huweza kufurahi pamoja bila mmoja kumwonea mwenzake wivu au kumwonea huruma, na kiambishi cha silabi moja ndicho kinacholinda usawa huo.

5. Hajasalimia

Jambo la tatu ndilo lenye uzito zaidi. Siku yaja ambapo jina moja halionekani katika salamu za asubuhi. Wenzake huuliza hivi:

(3) a. Mama Njeri hajasalimia leo.
b. Mama Njeri hakusalimia leo.

Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi. Lakini asubuhi watu husema (3a). Vitabu vya sarufi hutufundisha kwamba -ja- hukanusha tendo lisilotimia hadi wakati wa kusema, na kwamba ukanushi wa ku- huliweka tendo katika wakati uliopita. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini wazee hawa hutuonyesha matumizi yake. Asemaye hakusalimia ameifunga siku: ama anamlaumu Mama Njeri, ama amekwisha kumkatia tamaa. Asemaye hajasalimia ameacha nafasi wazi, na mwenyewe aweza bado kutokea na kuijaza. Ni ukanushi wenye kungoja ndani yake.

Ugumu huongezeka katika kitenzi kuamka. Hajaamka maana yake angali amelala. Hakuamka, katika usemi wa watu wengi, ni namna ya kutangaza kifo cha usingizini. Kwa hiyo hakuna anayethubutu kuyaandika maneno hayo asubuhi kabla ya kuthibitisha, hata kama moyoni anahofu. Kufikia saa nne hivi, kama -ja- haijajibiwa, soga hukoma kuwa soga: mmoja hupiga simu, mwingine humwuliza jirani, mwingine hutuma kijana wa bodaboda akabishe mlango. Mara nyingi jibu ni jepesi. Simu ilikosa chaji, au mjukuu aliichukua kuchezea. Hapo Mama Njeri huandika nimeamka, nanyi mna haraka gani, na wenzake humcheka wakarudi kwenye kachai. Ipo pia siku ambayo jibu si hilo. Siku hiyo kikundi hubadili lugha, salamu hugeuka kuwa pole, na mchango wa mazishi huanza kuhesabiwa.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba katika soga za marafiki wazee wa Thika na Ruiru kitenzi cha salamu kimerudishiwa maana yake ya msingi, kiambishi ka- hulinda usawa katika kushiriki anasa ndogo, na ukanushi wa -ja- huchunga wale waliokawia kujibu. Hakuna hata kimoja cha vitu hivi kitakachopatikana na mtafiti anayengoja soga zimalizike.

Yafuatayo yapendekezwa kwa wenzetu wa idara za lugha. Kwanza, soga zikusanywe kwa idhini ya wenyewe na majina yakifichwa, hasa zile za sauti, maana simu hufutwa na wasemaji wenyewe hawatadumu. Pili, ngeli ya ka-/tu- ielezwe katika sarufi za Kiswahili kama kinavyosemwa Kenya, pasipo kuihukumu kuwa kosa kabla ya kuijua kazi yake. Tatu, mtunga kamusi atakapolifikia tena neno soga, ajiulize kama maana ya kupitisha wakati inatosha. Mtu wa miaka 78 akaaye peke yake nyuma ya soko la Ruiru hana haja ya kupitishiwa wakati, kwa kuwa wakati wake unapita vizuri bila msaada. Anachohitaji ni wenzake wa kumhesabu asubuhi, na soga ndiyo inayowakusanya.