Kompyuta Ikiikataa Seva ya Barua Pepe

Umeandika anwani na nenosiri kwenye Outlook au Thunderbird, na kabla barua hazijaanza kuingia linatokea dirisha: cheti cha usalama cha seva hakiwezi kuthibitishwa, je, uendelee? Wengi hubonyeza ndiyo ili kazi iende. Lakini kwa kawaida hapo nenosiri bado halijatoka kwenye kompyuta. Programu imesimama kuuliza seva hii ni ya nani kweli, na ukishakubali ndipo inalituma. Onyo hilo lisome kwanza.

Cheti ni kitambulisho cha seva. Programu hukikagua kwa mambo matatu: jina, tarehe na aliyekitoa. Bonyeza kitufe cha kutazama cheti utayaona yote, na utajua lipi limegoma.

Jina huwasumbua zaidi wenye barua pepe za kikoa chao wenyewe. Tuseme kampuni ina kikoa mfano.co.tz, na imekodi nafasi kwenye seva inayobeba tovuti za wateja wengi. Fundi anaandika mail.mfano.co.tz kwenye mipangilio. Anwani hiyo inafika kwenye seva sahihi, ila cheti kilichopo pale kina jina la mtoa huduma. Majina hayalingani, programu inakataa. Mpigie mtoa huduma umuulize jina rasmi la seva yake ya barua. Likilingana na lililo kwenye cheti, liandike kwenye sehemu ya barua zinazoingia na ya zinazotoka. Au mwombe aweke cheti chenye jina la kikoa chako. Siku hizi vyeti vya namna hiyo hupatikana bure. Usilinakili tu jina ulilolikuta kwenye cheti bila kuuliza, kwa maana hata seva ya tapeli inaweza kuwa na cheti halali chenye jina lake.

Kwa upande wa tarehe, anza na saa ya kompyuta yako. Betri ndogo iliyo kwenye ubao mama, ambayo mara nyingi ni CR2032, ikichoka, kompyuta ya mezani hurudi miaka nyuma kila umeme unapokatika, na vyeti vizima huonekana bado havijaanza kutumika. Dalili yake ni kwamba hata kivinjari kitalalamika juu ya tovuti za kila siku. Saa ikiwa sahihi, basi cheti chenyewe huenda kimeisha muda. Vyeti vya kawaida vya Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, vimezoeleka kudumu siku 90, na seva hutakiwa kuvihuisha yenyewe. Pengine cheti kipya kimeshawekwa, lakini huduma ya barua haijawashwa upya, hivyo bado inaonyesha cha zamani. Hilo si lako kulitengeneza: mpelekee mtoa huduma picha ya onyo.

Aliyekitoa ndiye mwenye sura nyingi. Seva nyingine hujiandikia cheti yenyewe, na programu haina sababu ya kuliamini neno lake. Kompyuta za zamani nazo hazina orodha mpya ya watoaji: tarehe 30 Septemba 2021 cheti mzizi kimoja, yaani cheti cha mtoaji ambacho vingine hujengwa juu yake, kilichotegemewa na Let's Encrypt kiliisha muda, na mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa zikaanza kuvikataa vyeti halali. Pia kuna antivairasi zinazokagua barua kwa kuweka cheti chao mahali pa cha seva. Ukikuta jina la antivairasi yako kama mtoaji, isasishe, au zima sehemu yake ya kukagua barua kisha ujaribu tena.

Lisilofaa kabisa ni kuzima usimbaji ili onyo linyamaze. IMAP salama hutumia poti 993 na POP 995. Kutuma hutumia 465 kwa SSL/TLS au 587 kwa STARTTLS. Ukirudi 143 au 110 bila usimbaji, nenosiri linaweza kupita wazi kwenye Wi-Fi, na aliye kwenye mtandao huo mwenye programu ya kunasa mawasiliano atalisoma.

Seva ya kampuni kubwa kama imap.gmail.com ikitoa onyo hali saa ni sahihi na antivairasi haihusiki, ushuku mtandao uliounganishwa nao. Hamia kwenye data ya simu. Onyo likitoweka, usiingie kwenye barua pepe kupitia Wi-Fi ile. Na kama ulishabonyeza ndiyo, fungua orodha ya vyeti vya seva kwenye mipangilio ya Thunderbird ufute ruhusa uliyoitoa, kisha ubadilishe nenosiri ukiwa kwenye mtandao mwingine.