Kusafisha filamu nyumbani: rahisi kwa kazi au rahisi kwa bei?

Filamu ya picha nyeusi na nyeupe ingali inatumika, na wapo wanaotaka kuisafisha wenyewe jikoni au bafuni. Makala haya yanatazama hesabu ambayo anayeanza hana budi kuipiga, kwa mfano wa mji wa Saint Louis Park katika jimbo la Minnesota, Marekani.

Lugha ya Kiswahili ina neno moja linalobeba maana mbili, nalo ni neno rahisi. Kazi isiyo nzito huitwa rahisi, na bidhaa ya bei ya chini nayo huitwa rahisi. Kwa mtu anayetaka kusafisha filamu nyumbani kwake, maana hizo mbili hutengana. Dawa iliyo rahisi kutumia ndiyo ghali, na iliyo rahisi kwa bei ina masharti ambayo hayakuandikwa kwenye pakiti.

Saint Louis Park unapakana na Minneapolis kwa upande wa magharibi. Eneo hilo la miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul ni maskani ya jamii kubwa ya Wasomali, na Wakenya pamoja na wenzao wengine wa Afrika Mashariki si wachache. Waliokulia enzi za filamu wanakumbuka utaratibu wake: filamu ilipelekwa studio, mtu akapewa kikaratasi, akarudi kuchukua picha baada ya siku kadhaa. Baada ya kamera za kidijitali kuenea, maduka mengi ya kusafisha picha yalifungwa, na Januari 2012 kampuni ya Kodak yenyewe ilikimbilia mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake. Hata hivyo filamu haikufa. Kodak na Ilford zingali zinauza filamu nyeusi na nyeupe, na anayeitumia ana njia mbili: kuipeleka maabara, ambako gharama nchini Marekani mara nyingi huwa kati ya dola 10 na 20 kwa roli moja, au kuisafisha mwenyewe.

Kazi yenyewe

Kusafisha filamu nyeusi na nyeupe hakuhitaji chumba cha giza. Giza kamili linahitajika kwa dakika chache tu, wakati filamu inapotolewa katika kasha lake na kuzungushwa kwenye kigurudumu cha plastiki. Kazi hiyo hufanyika ndani ya mfuko mweusi wenye mikono miwili. Kigurudumu kikishaingia katika tangi dogo lisilopitisha mwanga na kifuniko kikafungwa, kazi iliyobaki hufanyika mchana kweupe.

Dawa ya kwanza ni ya kusafishia, ambayo hubadili chembe zilizopigwa na mwanga kuwa madini meusi ya fedha. Ya pili husimamisha kazi ya ile ya kwanza. Wengi hutumia maji matupu mahali pake. Ya tatu ni ya kukazia, nayo huondoa chembe ambazo hazikupigwa na mwanga ili picha isiharibike ikitolewa nje. Kisha filamu huoshwa kwa maji na kuanikwa. Kiwango cha kawaida cha joto la dawa ni nyuzi 20 za Selsiasi, na muda wa dawa ya kwanza kwa kawaida ni kati ya dakika 5 na 15 kutegemea filamu na dawa.

Tangi, mfuko wa giza, kipimajoto na vikombe vya kupimia hununuliwa mara moja tu. Kwa bei za Marekani vyote pamoja vinaweza kufikia dola 100, lakini vikitunzwa hutumika kwa miaka mingi. Dawa ndiyo hununuliwa tena na tena, na hapo ndipo hesabu huanza.

Dawa za wepesi

Kwa anayetaka wepesi kuliko yote, ipo dawa inayosafisha na kukaza kwa pamoja. Mfano wake ni Df96 ya kampuni ya CineStill. Lita moja hutumiwa kwa roli 16 au zaidi, hurudishwa chupani kila baada ya kazi, na kwa nyuzi 27 za Selsiasi humaliza filamu kwa dakika tatu. Udhaifu wake ni kwamba kusafisha na kukaza hushindana ndani ya chupa moja. Mtumiaji hawezi kurefusha muda wa kusafisha ili kuokoa filamu iliyopigwa katika mwanga hafifu, kwa sababu dawa ya kukazia haimsubiri.

Njia nyingine ni pakiti ndogo za Ilford ziitwazo Simplicity. Kila dawa imo katika kifuko chake, na seti moja inatosha filamu mbili za milimita 35. Hakuna kinachobaki kuharibika kabatini. Ukigawa bei yake kwa roli mbili, akiba dhidi ya maabara ni ndogo, na pengine haipo kabisa.

Dawa za nafuu

Upande wa pili wamo wakongwe. D-76 ya Kodak, iliyotokea mwaka 1927, ni unga. Pakiti ya kawaida nchini Marekani hutoa galoni moja, yaani lita 3.8. Ikiongezwa maji sawa kwa sawa, roli moja katika tangi la mililita 300 hutumia mililita 150, hivyo pakiti moja inaweza kusafisha roli 25. Kwa roli moja, gharama ya dawa hii haifiki dola moja.

Masharti yake ni haya. Unga hauchanganywi nusu nusu, kwa kuwa viambato vyake havikutawanyika sawasawa ndani ya pakiti. Unga wote huyeyushwa kwa mara moja katika maji ya moto, kisha huachwa upoe. Kuanzia hapo saa inahesabu. Katika chupa iliyojaa na kufungwa vizuri, dawa hudumu miezi sita. Katika chupa iliyojaa nusu, miezi miwili, kwa sababu oksijeni iliyomo chupani huiharibu.

Tumchukue mtu anayepiga roli mbili kwa mwezi. Katika miezi sita atasafisha roli 12 na kutumia lita 1.8. Lita mbili zilizobaki atazimwaga, na bei ya kila roli itakuwa maradufu ya ile aliyoikadiria dukani. Anayepiga roli moja kila baada ya miezi miwili atasafisha roli tatu tu kabla ya dawa kufa. Hasara kubwa zaidi huja pale anapoamua kutoimwaga: dawa iliyokufa inaweza isitoe onyo la wazi, na filamu ikatoka tangini ikiwa tupu. Picha za arusi ya dada au za bibi aliyekuja kutembea mara moja hazipigwi tena.

Ndiyo maana unga ulikuwa chaguo la busara kwa studio. Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, au ile ya Omar Said Bakor kisiwani Lamu, zilikuwa na wateja wa kuhudumia. Penye kazi ya kila siku dawa haipati nafasi ya kuoza. Anayeanza nyumbani hana wateja, na hesabu ya studio si hesabu yake.

Kati ya pande hizo mbili ipo dawa nzito ya maji. Rodinal ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1891 na ambayo leo huuzwa pia kwa majina kama Adonal na R09, huchanganywa sehemu moja kwa 50 za maji. Roli moja huhitaji mililita 6 hivi. Hata mtu akiwa mkarimu akatumia 10, chupa ya mililita 500 itatosha roli 50. Nayo hudumu miaka hata baada ya kufunguliwa. Gharama yake ni ya aina nyingine: chembe za picha huonekana wazi zaidi, jambo ambalo wengine hulipenda na wengine hulichukia.

Dawa ya kukazia ina habari njema kwa wote. Lita moja ya Rapid Fixer ya Ilford, iliyochanganywa moja kwa nne, hukaza roli 24. Kuipima ni rahisi kwa maana zote mbili za neno: chovya kipande cha ncha ya filamu na uhesabu sekunde hadi kiwe kiangavu kabisa. Muda huo ukifikia mara mbili ya ule wa dawa mpya, dawa imechoka.

Maji ya mji

Minneapolis huchota maji yake katika mto Mississippi, lakini Saint Louis Park hutegemea visima. Maji ya ardhini jimboni Minnesota ni baridi mwaka mzima na yana chokaa nyingi. Huko, kazi ni kuyapasha joto hadi nyuzi 20, na kuosha kwa mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa yanayouzwa madukani, ili filamu isikauke na madoa meupe. Kwa msikilizaji wa Mombasa au Dar es Salaam, kazi ni kinyume chake: maji ya bomba yanaweza kufika nyuzi 28, hivyo tangi huwekwa katika beseni lenye barafu, au muda hupunguzwa kwa kufuata jedwali la mtengenezaji. Muda ukishuka chini ya dakika tano, filamu huweza kusafishika kwa mabaka.

Gharama isiyo kwenye pakiti

Mji wa Saint Louis Park unajua vema kwamba dawa ikimwagwa haipotei. Kuanzia mwaka 1917 hadi 1972 kiwanda cha Reilly Tar & Chemical kilichemsha lami ya makaa ya mawe na kutia mbao kreosoti mjini humo. Masalia yalizama ardhini, na kuanzia 1978 visima kadhaa vya mji vilifungwa. Mwaka 1983 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya kitaifa ya maeneo yanayopaswa kusafishwa, na maji ya baadhi ya visima yakaanza kuchujwa kwa mkaa maalumu.

Chupa ya mpiga picha haiwezi kulinganishwa na kiwanda. Lakini dawa ya kukazia iliyotumika hubeba madini ya fedha, ambayo ni sumu kwa viumbe wa majini. Haifai kumwagwa uani, kisimani wala katika shimo la choo. Wilaya ya Hennepin, ulimo mji huu, ina vituo vya kupokea taka hatari za majumbani huko Bloomington na Brooklyn Park. Mahali pasipo na huduma kama hiyo, ni vema kuuliza studio au hospitali inayotumia filamu za eksirei kama wana njia ya kukusanya madini hayo.

Ushauri kwa anayeanza, basi, ni kutazama kwanza mwendo wake kabla ya kutazama bei. Miezi mitatu ya mwanzo atumie pakiti ndogo au dawa nzito ya maji, aandike tarehe ya kufungua kwenye kila chupa, na ahesabu roli alizosafisha kweli, si alizokusudia. Zikifika nne au zaidi kwa mwezi, unga wa galoni utamlipa. Zikiwa chache, chupa ndogo iliyoonekana ghali dukani ndiyo itakayokuwa nafuu, kwa kuwa ataitumia yote.