Mwezi Ndio Ghali, Si Muvi

Msee akikushow ati watu wa Nai hawalipii muvi juu wamesota, mwambie apige hesabu tena. Mtaani watu hulipa, tena cash. Hulipa jamaa wa muvi, yule wa kibanda ya kompyuta moja na spika inanguruma tangu asubuhi. Unampea flash, unamwambia "nijazie ile sizoni mpya", anakurushia na ka muvi ka DJ Afro juu, na wikendi imekaa poa. Ni uharamia, tusidanganyane. Lakini doo imetoka mfukoni. Doo iko. Kitu haiko ni mwezi.

Cheki, msee wa mjengo hulipwa jioni. Wa boda hulipwa kila akishukisha mtu. Mama mboga huokota ashu hapa, mbao pale, mpaka giza iingie. Ndio maana kwa duka ya mtaa kila kitu huuzwa kadogo: sukari ya kupima, mafuta ya kupima, pampasi moja moja, fegi moja. Hata stima tunanunua tokeni ya finje na maisha inasonga. Alafu kampuni inatoka California inakushow uipee doo ya mwezi mzima kwa mpigo, na juu ya hiyo uipee ruhusa iwe inajichukulia yenyewe tarehe ikifika. Kujichukulia! Hiyo ruhusa hata mathe sijawahi mpea.

Na si ati Netflix hawajajaribu kutuelewa. Waliingia Kenya Januari 2016. Septemba 2021 wakatuletea plani ya bure, ya simu za Android tu, hakuna kadi, hakuna matangazo, lakini muvi ni za kuchaguliwa. Wakadhani tukishaonja tutalipa. Mapema 2023 wakachapa bei chini: plani ya simu ikatoka 300 ikawa rwabe, ya Basic ikatoka 700 hadi 300, Standard ikatoka 1,100 hadi 700, na Premium ikatoka 1,450 hadi 1,100. Novemba hiyo hiyo 2023 ile ya bure wakaizima. Wenye walikuwa wameonja wakarudi kwa jamaa wa flash.

Premium ndio ilikuwa tamu kwa mabeshte. Inashika skrini nne wakati mmoja, so wasee wanne wakichanga ilikuwa 275 kila mtu, na mmoja anakuwa mweka hazina. Mweka hazina huwa na kazi mbaya kuliko ya chama. Tarehe ikikaribia, kwa grupu kunakuwa kimya kama mtihani. Mmoja anasema atatuma kesho, mwingine ameachana na dem na dem bado anajua paswadi, na mwenye hajalipa tangu zamani ndiye wa kwanza kuuliza mbona imekataa kufunguka.

Julai 2023 wakatugonga na sheria ya nyumba moja. Walitangaza ati kwa karibu nchi zote zilizobaki, akaunti ni ya watu wanaoishi pamoja. Kwingine unaweza ongeza mtu wa nje ukilipa ya juu. Sisi tukawekwa kundi moja na India, Indonesia na Croatia: hakuna kuongeza mtu, juu bei tayari ilikuwa imeshukishwa. Naona logiki yao, ni biashara. Lakini hawa watu hawajui nyumba ni nini huku. Familia yetu iko Roysambu, Juja na ushago, na bado ni nyumba moja. Waulize siku ya matanga.

Sasa wacha nikuonyeshe bili yenyewe, juu ile doo ya plani ni ya kukuingiza mlangoni tu. Bili ni bando. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na 4K ni hadi GB 7. Muvi ya masaa mawili kwa 4K ni GB 14, buda, na hujakula hata popkoni. Kama huna waifai kwa keja, Premium ni ya kuonyesha wageni. Kwa simu ukiacha programu ijipangie, GB moja inakufikisha kama masaa manne, hapo ndio unapumua. Na kwa kila bando serikali imekaa kando yako kwa kochi: ushuru wa asilimia 15 kwa data, alafu VAT ya 16. Hiyo VAT tangu Aprili 2021 inashika hata huduma za mtandaoni zinazotoka majuu. Ule mswada wa fedha wa 2024 wenye ulifanya tuandamane ulikuwa unataka ya data ipande hadi 20. Ukaondolewa Juni.

So wasee wamechanuka. Saa tano usiku unanunua bando ya saa moja. Simu unaiegemeza kwa dirisha, pale netiweki huwanga na nguvu, unafunga programu zingine zote, na unaanza kushusha episodi moja baada ya ingine. Hakuna kupiga stori, hakuna TikTok, mtu akikupigia unamkatia. Saa inaisha episodi ya mwisho ikiwa asilimia 83. Hiyo utaimaliza kesho kwa waifai ya kazi, bosi akienda lunch.

Kulipa nayo ilikuwa ngori kitambo, juu wengi hatuna kadi ya benki. Juni 2022 M-Pesa na Visa wakaleta GlobalPay, kadi isiyoshikika, iko kwa simu tu. Ile namba ya siri ya tarakimu tatu hudumu dakika 30 alafu inakufa, so kazi ifanye haraka. Na kinga poa ya kukatwa bila kupenda tunayo tayari: M-Pesa tupu. Kitu ya kuchunga zaidi ni huduma zinazolipisha kwa dola. Januari 2024 dola ilikuwa karibu 160, kufika Aprili ikashuka hadi kama 130. Huduma ya dola 10 ilikuwa inakula 1,600, miezi kidogo baadaye 1,300, na muvi ni zile zile.

Kuna huduma moja, jina naliacha, ilinipea wiki ya bure. Kuingia ilikuwa kubonyeza mara moja. Kutoka ni safari ya ushago: mipangilio, akaunti, una uhakika, tutakukosa sana, chukua punguzo, niambie sababu, una uhakika kweli.

Form yenye mabeshte wanatumia saa hii ni hii: unalipa, unaona sizoni imefunguka, unajitoa siku hiyo hiyo. Kwa Netflix ukijitoa hukatiwi, unaangalia mpaka siku zako ulizolipia ziishe, na hawajichukulii ingine. Historia yako wanaiweka miezi 10, so ukirudi unaanzia pale uliachia. Ukimaliza, unaruka huduma ingine, mwezi mwingine unalala njaa. Mwezi umeugeuza tokeni.

Lakini hiyo ni sisi tunajipinda kufuata kalenda yao. Wakitaka doo ya mtaa, waweke plani ya wikendi peke yake: finje, Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku, ikiisha inajizima yenyewe bila kuniuliza kama nina uhakika. Nitalipa kabla jamaa wa flash afungue kibanda.